Alfajiri, jumuiya au mkesha: mtu mwenye kazi Mwanza achague nini?

Mchuuzi wa dagaa anayefika soko la Mwaloni Kirumba usiku ungali mwingi na karani anayeingia ofisini saa 1:30 asubuhi hawawezi kupewa ratiba moja ya sala. Mahubiri mengi huwapa ileile: amka saa 10, soma Neno, funga Jumatano na Ijumaa, usikose jumuiya ya mtaani, usikose mkesha, tembelea wagonjwa. Mtu anajitahidi wiki mbili, tatu. Halafu mtoto anaugua, au bosi anabadilisha zamu, na yote yanaanguka kwa mkupuo. Kinachobaki moyoni ni wazo baya kwamba mambo ya Mungu ni ya wastaafu na ya watu wasio na marejesho ya mkopo.

Wazo hilo silikubali hata kidogo. Ninavyoona, wengi wetu tunashindwa mapema kwa sababu hatuchagui. Tunapokea kila tunachoambiwa na kukirundika juu ya kazi tulizonazo. Kwa hiyo naziweka hapa njia tano bega kwa bega, na kila moja naiuliza maswali matatu. Inadai saa gani? Inagharimu nini, nikihesabu fedha, usingizi na amani ya nyumbani? Na usipoonekana, nani atakuulizia? Swali hili la tatu nalipa uzito kuliko mengine.

Mimi ni Mkatoliki, mlei, naishi Nyakato. Shemeji yangu ni Mwislamu mwenye mitumbwi miwili ya dagaa. Jirani wa upande mmoja ni Msabato, wa upande wa pili ni mlokole. Mwanza ndivyo tunavyoishi, kwa hiyo nitagusa mapokeo zaidi ya moja, nikikaa zaidi kwenye yale ninayoyajua kwa ndani.

Ili msomaji asisubiri mpaka mwisho: ushauri wangu ni njia moja fupi ya kila siku na njia moja ya kila wiki yenye watu ndani yake. Mikesha, mifungo mirefu na mafungo ije kwa msimu. Sababu zinafuata.

Kwanza, jua letu linachelewa

Ratiba nyingi za sala zinazosambaa kwenye magrupu ya WhatsApp zimeandikwa na watu wa Dar es Salaam. Saa ya ukutani ni moja nchi nzima, ila Mwanza iko magharibi ya Dar kwa nyuzi sita na zaidi, na jua huku huchomoza takriban dakika 25 baadaye. Misa ya saa 12 asubuhi, ambayo Dar mtu huiendea kukianza kupambazuka, hapa unatoka nyumbani gizani kabisa. Jua la Mwanza huchomoza takriban kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi, mwaka mzima, maana tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta.

Faida iko jioni. Jua linazama kati ya saa 12:35 na saa 1 na dakika chache. Jumuiya inayoanza saa 11 jioni inaweza kusali, kushirikishana na kufunga kikao watu wakiwa bado wanaonana nyuso. Anayepanga ratiba yake ya kiroho asiige ya mji mwingine bila kuangalia dirishani.

Ibada ya alfajiri

Hapa naweka misa ya asubuhi ya kila siku, swala ya Alfajiri ya jamaa msikitini, na zile ibada za saa 11 ambazo walokole wanazipenda. Sifa yake kubwa ni kwamba saa hiyo haina mwenyewe. Mteja hajapiga simu, mwenye nyumba hajagonga, meseji ya kazini haijaingia. Anayeanza siku hivyo huwa amekwisha kusema na Mungu kabla watu hawajaanza kusema naye.

Gharama zake watu hawazisemi. Anayekaa juu ya mawe Mabatini au Igogo anashuka ngazi za mawe gizani; msimu wa mvua jambo hilo halina mzaha. Anayekaa Buhongwa au Kisesa na kusali katikati ya mji anaongeza nauli ya kila siku. Mwanamke anayetembea peke yake saa 11 na nusu ana hofu ya haki, na kumwambia "Mungu atakulinda" bila kumtafutia wa kuongozana naye ni uvivu wetu tunaoupaka rangi ya imani. Na mama mwenye watoto wa shule ana gari la shule linalopita muda uleule wa misa.

Kigezo changu ni rahisi: kama nyumba ya ibada iko mbali kuliko mwendo wa robo saa kwa mguu, usiifanye hii kuwa njia yako ya kila siku. Ifanye ya siku moja katika wiki. Jirani wa kanisa au msikiti, anayeanza kazi saa 2, hana sababu ya kutoijaribu. Kwa Mwislamu wakati wenyewe unasaidia, kwa kuwa Alfajiri ya Mwanza huingia kati ya saa 11 na robo na saa 12 kasoro robo. Anayeswali jamaa ana muda wa kurudi nyumbani, kunywa chai na kwenda kazini bila kukimbizana.

Nani atakuulizia? Msikitini safu ya Alfajiri ni sura zilezile, asiyekuwepo anaonekana. Kwenye misa ya asubuhi watu huondoka haraka, na unaweza kuhudhuria miaka bila mtu kujua jina lako.

Sala ya nyumbani

Hii ndiyo nafuu kuliko zote na ndiyo inayoanguka kwa urahisi kuliko zote. Rozari ya mafumbo matano inachukua kama dakika 20. Wapo wanaopenda kuipitia siku yao jioni kwa namna aliyoifundisha Mtakatifu Inyasi wa Loyola: kushukuru, kuomba mwanga, kuipitia siku saa kwa saa, kuomba msamaha, kuazimia kuhusu kesho. Dakika 10 zinatosha, na mtu aliyechoka anaweza kuifanya ameketi kitandani. Kwa mfanyakazi wa mjini naipenda hii ya pili kuliko nyingi, kwa sababu malighafi yake ni kazi yenyewe. Yule mteja uliyemfokea, ile chenji uliyorudisha pungufu, yule kibarua uliyemlipa kwa wakati, vyote vinaingia ndani ya sala. Haikuombi uisahau siku ndipo umkaribie Mungu.

Ugumu wake ni kwamba hakuna atakayekuulizia. Ukiacha leo, nyumba nzima inaendelea kama kawaida. Televisheni iko wazi, mtoto ana kazi ya shule, wageni hawaishi. Ninachoshauri ni kuifunga sala kwenye jambo ambalo tayari linatokea kila siku bila kukosa. Familia moja ninayoifahamu inasali mara vyombo vinapokwisha kuoshwa, kabla ya taarifa ya habari ya saa 2 usiku; watoto wenyewe ndio wanaoita. Ukisema "tutasali tukipata nafasi", nafasi haipatikani Mwanza wala kwingineko.

Waislamu wana hadithi mashuhuri ya Mtume isemayo kwamba amali zinazompendeza zaidi Mwenyezi Mungu ni zile zinazodumishwa, hata zikiwa chache. Shemeji huikumbusha kila Ramadhani inapoisha na misikiti inapoanza kupungua watu. Mkristo hapungukiwi kitu kwa kuisikiliza.

Jumuiya ya wiki

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipo na ndipo ninapoona watu wakikua.

Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo, walizifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji katika kanda yetu. Maana yake Kanisa lishuke mpaka mtaani, kwenye familia chache zinazojuana kwa majina na kwa shida. Kila jumuiya ina mtakatifu somo wake, mwenyekiti, katibu, mhazini. Inasali nyumba kwa nyumba, inasoma Injili ya Jumapili inayokuja, watu wanashirikishana ilivyowagusa, ndipo yanafuata matangazo na michango. Waislamu wana darsa, yaani mafundisho ya dini, mara nyingi kati ya Magharibi na Isha. Walokole wana seli zao za mtaani, Wasabato wana madarasa ya Shule ya Sabato kila Jumamosi asubuhi. Sura zinatofautiana, lakini kote kuna watu wachache wanaokutana kwa siku inayojulikana.

Kwa swali la tatu, njia hii inazishinda zote. Ukikosa mara mbili mfululizo, mtu atapiga simu. Ukilazwa, watu wanakuja. Nimeiona jumuiya yetu ikipanga zamu ya kupeleka uji na chakula kwa mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Bugando wiki nyingi, na wapangaji wa zamu hawakuwa watu wenye nafasi. Alikuwemo fundi cherehani, mwalimu wa msingi, muuza mitumba wa Makoroboi. Wale hawakuacha kazi ili wawe watu wa Mungu. Mwenye cherehani alipeleka uji saa 1 asubuhi akielekea kufungua, mwalimu akapita saa 10 jioni akitoka shule. Huo ndio ukuaji wa kiroho ninaouelewa mimi.

Kuna jambo jingine ambalo simu wala mkesha haviwezi kulitoa. Mhubiri unamchagua, rafiki unamchagua. Watu wa jumuiya yako umewakuta. Kuna anayesali kwa sauti kubwa kupita kiasi, kuna anayejibu kila swali, kuna uliyewahi kugombana naye juu ya mpaka wa kiwanja. Kuketi nao kila wiki, ukasikiliza Injili moja, ni shule ya uvumilivu ambayo mtu hawezi kujiandikisha peke yake chumbani.

Sasa niseme na ubaya wake, maana unawafukuza watu. Michango. Zaka, ujenzi, tegemeza, rambirambi, zawadi ya paroko, sare. Mtu mwenye kipato cha siku anaanza kukosa kwa sababu hana elfu mbili, halafu anaona haya, halafu anaacha kabisa. Kwa viongozi wenzangu nasema wazi: orodha ya wanaodaiwa isisomwe mbele za watu. Mhazini amfuate mtu faraghani. Na kwa anayechagua: kabla ya kujiunga, mwombe mwenyekiti akueleze michango ya mwaka mzima, uipigie hesabu, useme mapema unachoweza. Jumuiya yenye akili itakuelewa.

Ubaya wa pili ni muda. Kikao kilichotangazwa kuwa cha muda wa saa moja kikidumu saa mbili na nusu kwa ajili ya matangazo, mfanyakazi hatarudi. Hudhuria mara tatu hivi uangalie: sala na Injili vimechukua muda gani, na maneno ya watu yamechukua muda gani? Ikiwa maneno yamezidi, omba kwa upole yasogezwe mwisho ili mwenye haraka aondoke baada ya baraka. Wengi hulikubali wakiona limeombwa kwa heshima.

Kuna pia wanaoonekana tu wanapohitaji barua ya mwenyekiti kwa ajili ya ubatizo wa mtoto au ndoa. Siwalaumu sana. Mara nyingi ni watu ambao hakuna aliyewahi kuwauliza saa gani ingewafaa.

Mkesha na mfungo

Sitaki nionekane nadharau mikesha. Usiku mzima wa kuimba na kulia mbele za Mungu unampa mtu kitu ambacho dakika 20 za jioni hazimpi, hasa aliyefiwa, aliyeachwa, anayesubiri majibu ya vipimo. Kwa tukio kama hilo, mkesha ni dawa. Kufanya mkesha kila Ijumaa kuwa ndiyo nguzo ya maisha ya kiroho ya mtu anayefanya kazi Jumamosi ni jambo jingine.

Fikiria dereva wa bodaboda anayetoka mkeshani saa 11 alfajiri na kubeba abiria kuelekea Igoma akiwa macho mazito. Fikiria muuguzi, au kijana wa kiwanda cha minofu ya samaki mwenye kisu mkononi zamu nzima. Usingizi wanaoutoa sadaka si wao peke yao. Ni wa abiria, wa mgonjwa, wa mwenzake kazini. Kwa hiyo kigezo hapa ni kimoja: kesho yake iwe ya mapumziko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa mapumziko yasiyopungua saa 24 mfululizo kila wiki. Ijue siku yako, mkesha uwe wa kuamkia siku hiyo. Jirani yangu Msabato amepata mpangilio huu tayari ndani ya imani yake, maana Sabato inaingia Ijumaa jua linapozama na kazi inasimama mpaka jua la Jumamosi lizame.

Kuhusu mfungo, Wakatoliki wengi hushangaa wakisikia jinsi sheria ya Kanisa ilivyo nyepesi: siku za lazima za kufunga ni mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 59. Zaidi ya hapo ni hiari na ni neema. Mama anayenyonyesha, mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, anayemeza dawa kila siku kwa saa maalumu, hao wasijilazimishe. Uislamu nao umemruhusu mgonjwa na msafiri kula na kulipa baadaye, na aliye mgonjwa daima ana fidia yake. Akitokea mtu, awe na cheo gani, akakuambia uache dawa ili mfungo ukamilike, ondoka hapo siku hiyohiyo.

Na nitaongeza hili kwa uchungu. Pale baraka inapotangaziwa bei, na anayetoa zaidi akaahidiwa kuvuka zaidi, usikeshe hapo. Mama aliyepeleka mtaji wa nyanya madhabahuni Ijumaa, Jumatatu hana cha kuingia nacho sokoni.

Amani ya nyumbani nayo iingie kwenye hesabu. Mkesha ambao mwenzi wako hakuambiwa unazaa ugomvi ambao maombi ya usiku kucha hayautulizi. Ombaneni ruhusa, mume kwa mke na mke kwa mume.

Kwa watu wa dagaa, mwezi ndio kalenda

Hili silisikii likihubiriwa, nami naliona kuwa kubwa kwa ufuo wetu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mkubwa mwanga wa taa hauvuti samaki vizuri, na wavuvi wengi hupumzika pwani, hushona nyavu, hurudi kwa familia zao. Kwa hiyo mvuvi wa dagaa hana wiki. Ana siku za giza na siku za mbalamwezi. Ukimwambia "usikose jumuiya kila Jumamosi" unamwambia jambo lisilowezekana nusu ya mwezi.

Tazama sasa kalenda za dini zinavyomwangukia. Pasaka huwekwa Jumapili baada ya mwezi mpevu wa Machi au Aprili, kwa hiyo Juma Kuu na Pasaka daima viko jirani na mbalamwezi. Mvuvi Mkristo ana nafasi ya kuwa nchi kavu Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu na mkesha wa Pasaka, na mapadre na makatekista wa vigango vya visiwani wangeweza kuupanga mwaka mzima kwa hesabu hiyohiyo: mafundisho, maungamo, ndoa, vyote vilengwe siku za mwezi mkubwa.

Kwa Mwislamu jambo ni gumu zaidi. Ramadhani inaanza mwezi ukiandama, yaani kwenye giza. Katikati ya Ramadhani kuna mbalamwezi na mapumziko. Kumi la mwisho, yaani siku kumi za mwisho, lenye usiku mtukufu wa Lailatul Qadri, linarudi gizani, wakati ambapo mitumbwi inatoka kwa nguvu, na Idi imekaribia na watoto wanataka nguo. Shemeji hulitatua hivi: katika kumi la mwisho vijana wake hupishana, kikosi kimoja ziwani na kingine msikitini, na anayebaki msikitini hapotezi posho yote. Hilo linamgharimu mwenye mtumbwi. Amekubali gharama hiyo kuwa sehemu ya ibada yake mwenyewe, na mimi sijasikia mahubiri juu ya mali yaliyonigusa kuliko hayo.

Kwa wavuvi, basi, njia ya kila siku iwe sala fupi ya mtumbwini kabla ya kuwasha taa, pamoja, kwa sauti. Wengi tayari wanayo. Njia ya "kila wiki" iwe ya kila mbalamwezi: jumuiya ya mwalo, yaani ya hapo mitumbwi inapoegeshwa, darsa ya mwalo, siku mbili tatu mfululizo kufidia wiki zilizopita. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu imeangukia Februari 18, na Ramadhani imeanza karibu siku hizohizo. Nyakati kama hizo Wakristo na Waislamu wa mtumbwi mmoja wako kwenye mfungo pamoja, na kupangiana zamu kunakuwa rahisi kuliko miaka mingine.

Simu na redio

Sitachelewa hapa. Mahubiri ya YouTube, grupu la tafakari ya kila siku, redio ya dini ikisikika huku mtu akichambua dagaa: vyote ni vizuri vikiwa nyongeza. Gharama ni bando na umakini. Meseji ya tafakari inafuatwa na meseji ya mnada wa magauni na akili imekwenda. Wala grupu la watu mia mbili halitajua kwamba umeacha kusali. Nawaachia njia hii kama njia kuu watu wawili tu: mgonjwa asiyetoka nyumbani, na mtu wa zamu za usiku asiye na jirani wa imani yake.

Nani achague nini

Mwajiriwa wa ofisini: sala ya nyumbani jioni na jumuiya. Kama ni Mwislamu, sheria hiyohiyo ya 2004 inakupa saa nzima ya mapumziko katika siku ya kazi, na Adhuhuri ya Mwanza inaingia karibu na saa 7 mchana, hivyo iombe saa yako ya chakula iangukie hapo. Zungumza na bosi kabla, ukiwa umepanga nani atashika dawati lako. Ni bora kuliko kutoroka kila Ijumaa ukirudi na macho ya aibu.

Mama lishe na mchuuzi wa sokoni ndio ninaowafikiria zaidi. Siku yao inaanza saa 10 usiku na kuisha saa 2 usiku, na Jumapili ni siku ya mauzo. Alfajiri iwatoke kichwani kabisa. Wakubaliane wao wenyewe, wenye meza zinazopakana, kusali dakika kumi mchana biashara inapopoa, kama saa 9, na jumuiya yao iwe ya hapo sokoni ikiwa parokia itaridhia. Dada mmoja wa meza ya mboga aliniambia kwamba tangu waanze, hakuna anayebonyeza kitako cha sado, kopo la kupimia, ili lipime pungufu tena, kwa sababu huwezi kusali na mtu saa 9 ukampunja mteja wake saa 10. Njia yoyote ya kiroho naipima hapo, kwenye sado na kwenye mshahara wa dada wa kazi, kabla sijauliza mtu anasali saa ngapi.

Mwanafunzi wa chuo, tuseme wa SAUT pale Malimbe, ana muda kuliko atakavyokuwa nao tena maishani. Achukue alfajiri na jumuiya ya wanafunzi, akeshe likizo. Muuguzi na mlinzi wa zamu: dakika 10 za kupitia siku, zifanyike zamu inapoisha, iwe asubuhi au usiku, jumuiya mara mbili kwa mwezi, na wamwambie mwenyekiti mapema ili wasihesabiwe watoro. Dereva wa bodaboda: kijiwe kina watu tayari, sala ya pamoja kabla ya pikipiki kuwashwa inatosha kwa kuanzia, na mkesha ausamehe.

Ukishachagua, jaribu kwa mwezi mmoja wa angani, kuanzia mwezi kuandama mpaka kuandama tena. Ndani yake utapata wiki ya mshahara na wiki ya ukata, siku ya msiba na siku ya mgonjwa, giza na mbalamwezi. Kilichosimama katika siku hizo zote kibaki. Kilichoanguka usikilazimishe, kibadilishe saa au ukiache, umwambie mtu mmoja kwa nini umekiacha. Na ukihama mtaa, kutoka Igoma kwenda Buhongwa mathalani, chukua barua ya utambulisho kwa mwenyekiti wa jumuiya wiki ileile unayofunga mizigo, uipeleke ugenini Jumamosi ya kwanza, kabla hujaanza kuizoea Jumamosi isiyo na watu.